Namba Iliyo Chini ya Rangi ya Kijani

Mangobo, Kisangani
Alhamisi, saa tisa alasiri

Feza mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako kule Kabondo, na kabla ya kufungua mlango wa ua uligeuka ukaniambia tena: "Papa, nikirudia nataka kukuta bafle iko palepale." Iko palepale. Ninaandika juu yake. Kamba uliyoifunga jana inanisumbua, kila baada ya mistari miwili kalamu inapanda juu ya fundo, kwa hiyo usiucheke mwandiko wangu.

Sitakuandikia habari za chakula cha njiani, wala za kulala na begi chini ya kichwa, wala za wanaume wa sitaha ya chini. Mama yako amekwisha kukuambia yote hayo, mengine mara nne, na ukimpa nafasi atakuambia mara ya tano kesho bandarini. Mimi nina jambo moja tu, na lazima ulijue kabla meli haijaondoka. Ukishasoma, itie barua hii kwenye mbabula ya mama yako na usiondoke hapo mpaka makaa yameimaliza. Usipande nayo melini. Unajua askari wanavyofungua mizigo, na humu mna maneno ambayo katika nchi yetu mtu anaogopa kuyasema hata usingizini.

Jambo lenyewe ni hii bafle, kasha hili la spika unalotaka kusafiri nalo.

Jumapili tuligombana kwa ajili yake. Ulisema, "Papa, na ile ampli peke yake batanisikia namna gani? Kinshasa batu banapiga na mabafle mbili, tatu!"

Nikakujibu, "Hiyo iko mbovu."

"Mbovu namna gani? Tangu nizaliwe haujaibranche mu ampli hata siku moja!"

"Nimesema iko mbovu."

Kisha ukasema polepole, ukiangalia chini, "Papa, unaogopa nikupite." Maneno hayo yaliniuma, nikapiga meza, nikatoka nje nikajifanya natengeneza baiskeli. Baiskeli haikuwa na kasoro yoyote. Hukuwa umekosea kuona hofu, mwanangu, ulikosea tu kuitambua ni hofu ya nini.

Ukweli ni kwamba sijui kama bafle hii ni mbovu. Kwa miaka kumi na saba imekaa pembeni mwa sebule yetu. Juu yake tumeweka redio, kisha maua ya mama yako, kisha vitabu vyako vya shule, na mimi sijawahi kuiunga na ampli yoyote. Ninachojua ni kwamba nyuma yake, karibu na tundu la waya, kuna kibati chenye namba, na namba hiyo imefunikwa na rangi ya kijani. Kesho yako inategemea namba hiyo, na yangu pia, kwa namna nyingine.

Nikueleze kwanza upande wako, kwa sababu nilikufundisha kupiga besi na sikukufundisha hili. Ile ampli, mashine ya kukuza sauti uliyoipata kwa mfanyabiashara wa Butembo, ina spika moja ndani yake, na spika hiyo ni ya ohm nane. Mgongoni imeandikwa kwamba haitaki kushuka chini ya nne. Namba hiyo ifikirie kuwa ni kizuizi: ikiwa ndogo, umeme mwingi zaidi unapita. Ukiunga bafle ya nane kando ya spika ya nane, mbili hizo kwa pamoja zinakuwa nne, na ampli inafanya kazi yake kwa raha. Ukiunga bafle ya nne, kwa pamoja zinashuka chini ya tatu, na ampli inaanza kubeba mzigo usio wake. Ukubwa wa kasha hauna habari na hilo. Kasha kubwa linaweza kuwa la nne na dogo likawa la nane, na jicho halitakuambia.

Na haitakufa papo hapo, hapo ndipo ubaya ulipo. Mwanzoni itakupa sauti ambayo hujawahi kuisikia maishani mwako. Utacheka peke yako jukwaani. Nusu saa baadaye, ndani mle, transista zinachemka na wewe hujui, unaendelea kufungua sauti. Halafu kimya. Wale akina mama wa orkestra ya Kinshasa unayoiendea wamekupa tamasha moja tu la kukujaribu. Hawatakupa la pili kwa sababu ampli yako iliungua.

Nimeijuaje hiyo nusu saa? Sasa nafika kwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikipiga besi katika orkestra ya vijana wa hapa Mangobo. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi saba. Fundi wetu wa vyombo alikuwa kijana wa Isangi anayeitwa Bosenge. Hujawahi kusikia jina hilo nyumbani kwetu, na hilo nalo ni kosa langu, kwa maana karibu kila ninachokijua juu ya waya na spika nilikipata kwake. Alikuwa mrefu, mpole, mtani. Alikuwa akinitania kwamba mimi hupiga besi kwa mabega.

Wakati ule, kama sasa, orkestra ilipiga kwanza kwa ajili ya Chama ndipo ikaruhusiwa kupiga kwa ajili ya watu. Mkubwa mmoja alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, nasi tukaamriwa kupiga uwanjani nyuma ya wacheza animation, zile ngoma za kumsifu Kiongozi. Bafle hii ililetwa kwa lori pamoja na vyombo vingine vya kuazima, hatukujua ilikotoka. Kisha ikaja amri: kila kitakachoonekana jukwaani kiwe kijani. Vijana wa Chama wakafika na ndoo na brashi, wakapaka viti, ngoma, miguu ya mikrofoni na mabafle yote, mbele na nyuma, vibati vya namba vikiwa humohumo. Mmoja alitaka kulipaka gitaa langu, nikalikalia mpaka alipochoka kunisubiri akaenda zake.

Asubuhi ya sherehe Bosenge alipiga magoti nyuma ya bafle hii akiwa na msumari. Alikuwa hajakwangua hata kidogo, tukasikia sauti nyuma yetu: "Citoyen! Unakwangua rangi ya Chama? Uko na akili kweli?" Alikuwa msimamizi wa sherehe. Bosenge alitia msumari mfukoni, akasimama, akaomba radhi. Yule mtu alipokwenda mbali, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Tupige na ile ndogo. Hii kubwa hatujue namba yake, na ampli yetu haitake chini ya nane."

"Ile ndogo nani ataisikia, mu uwanja muzima huu?"

"Alors ngoja niende nyumba nilete kipimo. Nitapima bila kukwangua. Lakini usibranche mbele nirudie, unasikia?"

"Bon, nenda mbio," nikasema.

Akapanda baiskeli. Angewahi kurudi, ila barabara ilifungwa kwa ajili ya msafara wa yule mkubwa, na Bosenge akazuiwa kwenye kizuizi pamoja na watu wengine wote. Saa ya kuanza ikafika. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba sikuwa na la kufanya, kwamba msimamizi alikuwa akitupigia kelele tuanze. Ni kweli alitupigia kelele. Lakini ile bafle ndogo ilikuwa tayari imeungwa, Feza. Ningeanza nayo tu. Mimi ndiye niliyeichomoa, kwa mkono wangu huu ninaoandikia, nikaunga hii. Wiki iliyotangulia watu walikuwa wamesema baani kwamba besi yangu haisikiki, kwamba mimi ni pambo tu, na maneno hayo yalikuwa yamenikaa kooni. Nilitaka uwanja mzima unisikie.

Walinisikia. Nyimbo mbili za kwanza, mbao za jukwaa zilikuwa zikitetemeka chini ya viatu vyangu. Mkubwa akaingia, watu wakasimama, animation ikaanza. Tulikuwa katikati ya wimbo wa sifa za Kiongozi, pale ambapo jina lake linarudiwa na wote, besi ikakatika. Nilisikia harufu ya kitu kinachoungua ndani ya ampli. Wachezaji walikuwa wakiifuata besi kwa miguu yao. Mstari wa mbele ukageuka kushoto, mstari wa nyuma ukageuka kulia, wakagongana. Mtu mmoja akacheka, sijui alikuwa nani. Kisha wengi wakacheka. Kicheko wakati jina lile linaimbwa, wewe umezaliwa na kukulia humu, sina haja ya kukueleza maana yake.

Bosenge alitokea nyuma ya jukwaa wakati huohuo, amelowa jasho, kipimo mkononi, nyaya zake mbili zikining'inia, nyekundu na nyeusi. Wanaume wawili wenye miwani myeusi walikuwa wamefika kabla yake.

"Nani iko responsable wa hivi vyombo?"

"Ni miye," Bosenge akasema.

"Na hii mashini mu mukono iko ya nini?"

"Ya kupima."

"Kupima nini?"

Bosenge aliangalia waya uliochomekwa, akaufuata kwa macho mpaka kwenye bafle kubwa, kisha akaniangalia mimi. Mara moja tu. Nami niliinama, nikaanza kukunja waya wa gitaa langu, polepole, kama mtu aliye kazini. Nilipoinua kichwa walikuwa wamekwisha kuondoka naye.

Walimweka kifungoni miezi minne. Wewe ulizaliwa akiwa humo. Alipotoka, sikio lake la kushoto halikusikia tena, na fundi wa sauti mwenye sikio moja hapati orkestra. Akahamia Bengamisa. Nilimwona mara moja sokoni hapa mjini, nikavuka barabara nikaingia dukani nikajifanya nachagua misumari.

Orkestra yetu ilivunjika na kila mmoja akachukua kilichokuwa karibu naye. Mimi nikachukua bafle hii. Nilimwambia mama yako ni ukumbusho. Uongo mtupu. Niliichukua ili mtu mwingine asije akaikwangua. Rangi ikiwepo, niliweza kujiambia: labda namba ni nane, labda ampli ilikuwa imechoka tu, labda si mimi. Kipimo kilikuwa kabatini muda wote huo, unakijua, ndicho nilichokufundishia kupima betri. Dakika moja ingetosha. Kwa miaka kumi na saba sikuwa na dakika moja.

Sasa unaelewa kwa nini Jumapili sikuweza kukujibu. Na unaelewa nilikokuwa Jumanne, nilipokuambia nimekwenda kutafuta mahindi.

Nilipanda lori la Banalia nikashukia Bengamisa. Bosenge anatengeneza redio chini ya banda la bati, ana shamba la mihogo, ana watoto. Alinitambua mara moja na hakusimama. Nilimwambia una safari, una ampli namna gani, na unahitaji bafle ya nane ya kuaminika, maana hapa mjini nimezunguka sijaipata. Nilisema mengi. Alikuwa ameinamisha kichwa, amenigeuzia sikio la kulia, na mkono wake haukuacha kulehemu waya kwa risasi kwenye redio ya mtu. Nilipomaliza akauliza:

"Ulikwangua?"

"Kukwangua nini?"

"Usijifanye mutoto. Rangi."

"Apana."

"Myaka kumi na saba?" Akacheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri kusikia.

Nikamuuliza lile lililonipeleka, kuliko hata bafle. Kwa nini hakunitaja? Akaweka chini chuma chake cha kuchomea. "Ningetaja jina yako, bangebeba bote mbili. Moja alitosha." Ndivyo alivyosema, bila hasira, na ningependa zaidi angenipiga. Nilisema nisamehe. Aliingia ndani akatoka na bafle ndogo ya mbao ngumu aliyoiunda mwenyewe, spika mbili, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Nitaileta port Ijumaa asubui. Lakini wewe kwangua ile yako. Na umuambie mutoto. Akijua, namupatia. Asipojua, narudia nayo Bengamisa."

Ndiyo sababu ya barua hii. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, wewe uko hapa, tunalala nyumba moja. Nimejaribu jana mara mbili. Mara ya kwanza nikaishia kukuuliza kama umekata kucha, ya pili nikakuuliza tena kama umekata kucha. Uliniona nimerukwa na akili.

Kesho ukiletewa bafle hiyo, usione haya kuipima mbele yake. Bosenge atakudharau usipoipima. Kipimo nimekitia kwenye mfuko wa gitaa lako, sasa ni chako. Kumbuka kwamba spika ya nane husoma sita au zaidi kidogo kwenye kipimo, na ya nne husoma tatu na kitu, usishtuke ukiona pungufu. Kisha chukua pile, ile betri ya tochi, gusisha nyaya kwenye tundu la bafle kwa mara moja tu na uachie, huku ukiangalia karatasi za spika zote mbili. Zote zitoke nje pamoja, au zote ziingie ndani pamoja. Moja ikitoka na nyingine ikaingia, zimeungwa kinyume, kila moja inaimeza sauti ya mwenzake, na noti zako za chini zitapotea usijue zimekwenda wapi. Niliwahi kupiga mwaka mzima na bafle ya namna hiyo nikilaumu vidole vyangu. Ni Bosenge aliyenionyesha, kwa pile ya tochi ya mama yake.

Huko Kinshasa watakupa mabafle makubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Watakuambia unga tu, mwenzetu, watu wanangoja. Mwenye kukuharakisha hatakuwepo wakati kitu kinaungua, au atakuwepo na atauliza nani ndiye aliyehusika. Siwezi kukuambia ufanye nini siku watakapouliza swali hilo. Sina haki hiyo. Nakuambia tu kwamba kuinama kwangu kulichukua muda mfupi sana, na sijainuka mpaka leo.

Nimesimama kidogo hapa.

Nimeikata kamba yako, nisamehe, utaikuta vipande. Nimeigeuza bafle kuelekea dirishani. Nimechukua kile kisu kidogo cha jikoni, mama yako akaniuliza nakwangua nini, nikamwambia nitamweleza jioni, na nitamweleza. Rangi ilikuwa imekauka sana. Ilitoka vipande vidogo vidogo, kisu kikaniteleza, nikajikata kidogo kidole gumba, hiyo ndiyo alama unayoiona pembeni mwa karatasi. Kwanza ikatoka alama ya ohm. Nikaacha. Nikanywa maji. Nikarudi.

Ni nne, Feza.

Nimekaa nikiiangalia muda mrefu. Nilidhani nitalia, au nitaona nafuu, lakini kilichonijia ni aibu tu, aibu ileile, mpya kabisa. Naona aibu mbele yako kuliko mbele ya mtu mwingine yeyote. Na naogopa, kwa kuwa utarudi kabla ya jioni na sijui utaniangalia namna gani ukishasoma. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Ukitaka tusizungumze mpaka bandarini, tusizungumze. Bafle ya kijani nimeiacha mgongo wake ukiwa wazi, ujionee mwenyewe.

Kesho saa moja asubuhi, karibu na ngazi ya meli, tafuta mzee mrefu mwenye baiskeli na kasha la mbao limefungwa nyuma. Simama upande wake wa kulia, na useme kwa sauti, usimnong'oneze. Atakuuliza kabla hata ya kukusalimu: papa yako alikuambia? Mjibu ndiyo. Akiuliza namba, mwambie ni nne. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo pembeni yako, na atakaponiangalia, safari hii sitainama.

Papa yako